Upasuaji wa Kupunguza Uzito Hauwi Siri ya Mtu Mmoja



Wiki hii twaandika juu ya jambo tunaloulizwa mara nyingi kwa sauti ya chini, baada ya darsa au pembeni mwa shughuli za arusi. Nalo ni upasuaji wa tumbo kwa ajili ya kupunguza uzito: nani anaufaa, anajitayarisha vipi, na akirudi nyumbani anaishi vipi.

Tuanze na yaliyomfika mama mmoja wa Kisauni, ambaye ametupa idhini ya kuyasimulia bila ya kutaja jina lake. Mume wake yuko kazini Uarabuni. Yeye alidunduliza fedha zake za biashara kwa miaka, kisha akawaaga watu wa nyumbani kuwa anakwenda Nairobi kuangaliwa vidonda vya tumbo. Aliyejua ukweli ni nduguye mmoja tu wa Changamwe, aliyemsindikiza. Upasuaji ulikwenda salama, akarudi baada ya siku chache. Mama mkwe wake, kwa mapenzi, akampikia wali wa nazi na mahamri, akamsihi ale apate nguvu. Naye akala ili asijulikane, na karibu kila alichokula alikitapika.

Wiki ya tatu alianza kuona vitu viwili viwili, miguu ikawa haimbebi, na maneno yake yakawa hayashikani. Usiku huo akakimbizwa hospitalini. Daktari alipouliza mgonjwa ana nini, mama mkwe alijibu kwa alichokijua: vidonda vya tumbo. Mwenyewe hakuweza kujieleza. Nduguye wa Changamwe alipofika alfajiri ndipo ukweli uliposemwa, na matibabu yakageuka hapo hapo. Alikuwa amepungukiwa na vitamini B1, ambayo akiba yake mwilini haizidi wiki mbili au tatu mtu asipokuwa akila. Mgonjwa wa namna hii hupewa vitamini hiyo kwa sindano kabla ya kutundikiwa maji ya glukosi, kwani glukosi peke yake huweza kumzidishia madhara ya ubongo. Leo anatembea, alhamdulillah, lakini ganzi ya nyayo ilikaa naye kwa miezi.

Hatumlaumu mama huyu kwa kutibiwa. Twasimulia habari yake kwa sababu siri yake ilikaribia kumtoa roho. Mtaa hauna haki ya kujua maradhi ya mtu, lakini wale wanaompikia, wanaolala naye nyumba moja na watakaombeba usiku akizidiwa, hao lazima wajue.

Ni tiba ya nani?

Unene katika miji yetu si jambo la watu wachache tena. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulikuta kuwa thuluthi ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Nasi twaliona wenyewe katika nyumba zetu: sukari, presha, maumivu ya magoti, na kukoroma kunakokatiza pumzi usingizini.

Madaktari hupima kwa hesabu nyepesi. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 102 hupata takriban 40, na mwenye kilo 90 hupata 35. Kwa miaka mingi, tangu 1991, kanuni iliyofuatwa ilikuwa upasuaji uzingatiwe kwa aliyefika 40, au aliyefika 35 akiwa na maradhi mazito yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vikuu vya madaktari wa fani hii viliishusha kanuni hiyo: 35 hata bila ya maradhi mengine, na 30 kwa mwenye maradhi kama ya sukari. Basi aliyezidi kilo 10 na anataka kanzu yake ya arusi imkae vizuri, tiba hii si yake.

Swali la pili ni la dini: je, huku si kubadilisha maumbile? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwezi wa Julai 2007, lilijadili upasuaji wa urembo na likaligusa jambo hili. Muhtasari wa uamuzi wake ni kuwa kupunguza uzito kwa njia za kitabibu zilizothibitishwa, upasuaji ukiwemo, kunajuzu pale uzito unapokuwa ni maradhi, pasipo njia nyingine, na kwa sharti la kusalimika na madhara. Mwenye shaka juu ya hali yake mwenyewe na amwendee shekhe akiwa na maneno ya daktari mkononi.

Tusichanganye pia upasuaji huu na kufyonza mafuta. Mwezi wa Oktoba 2024 nchi ilishtushwa na kifo cha mama mmoja aliyefyonzwa mafuta katika kliniki ya urembo Nairobi. Kufyonza mafuta hubadilisha umbo la sehemu ya mwili, wala hakutibu maradhi ya unene. Upasuaji tunaouzungumzia hufanywa kwenye tumbo la chakula lenyewe, katika hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi, na daktari bingwa wa upasuaji aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kuuliza usajili wa daktari si utovu wa adabu. Ni haki ya mgonjwa.

Kinachofanywa

Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza, tumbo la chakula hukatwa kwa urefu, robo tatu yake au zaidi ikatolewa, likabaki bomba jembamba mfano wa ndizi. Ya pili ni ya zamani zaidi. Asili yake ni kazi ya Edward Mason na Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Katika njia hii hutengenezwa kifuko kidogo kama yai la kuku, kikaunganishwa na utumbo mdogo, chakula kikapita njia ya mkato. Zote mbili siku hizi hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Tumbo hupungua, na homoni zinazoamsha njaa na kusimamia sukari hubadilika pia.

Faida yake imepimwa. Uchunguzi mkubwa wa Sweden ulioanza 1987, na kuchapishwa matokeo yake 2007, ulikuta vifo vimepungua kwa karibu robo miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji. Kwa wastani mtu hupoteza robo ya uzito wake au zaidi kidogo katika mwaka mmoja au miwili: wa kilo 110 hufika kama 80. Lakini tumbo dogo laweza kupanuka, na anayerudia soda na visheti hurudisha kilo zake pia.

Matayarisho

Matayarisho hayaanzi siku ya kulazwa. Daktari mzuri humwona mgonjwa mara kadhaa, akapima damu, sukari, moyo, ini na usingizi, pengine na kuangalia tumbo kwa kamera, na akamkutanisha na mtaalamu wa lishe na wa nafsi. Anayekufanyia haraka, bila ya maswali, mwogope.

Sigara na shisha huachwa wiki kadhaa kabla. Vidonge vya kupanga uzazi, dawa za kuyeyusha damu na dawa za sukari hutajwa zote, kimoja kimoja, ili daktari aamue kipi kisimamishwe na lini. Wiki mbili za mwisho wengi hupewa chakula chepesi chenye protini nyingi na wanga kidogo. Hicho hupunguza mafuta ya ini, nalo ini likinywea daktari hulifikia tumbo kwa urahisi. Karamu ya kuagana na biriani katika siku hizo huweza kusababisha upasuaji usifanyike.

Gharama ni mamia ya maelfu ya shilingi. Mwenye bima na apate jibu la maandishi kabla ya kulipa chochote, na aweke fungu la vitamini na vipimo vya miaka ijayo, kwani hivyo haviishi na upasuaji. Anayekwenda Nairobi au India ajue mapema ni daktari gani hapa Mombasa atakayemfuatilia akirejea. Aandike madeni na amana zake, kama ilivyo sunna ya msafiri, wala asiogope kuandika wasia. Wasia hauleti mauti.

Jambo la mwisho katika matayarisho ndilo tulilotangulia kulisema: kikao cha nyumbani. Awaketishe mume, mama au mama mkwe, na binti mkubwa, awaambie anachofanyiwa na kwa nini. Aandike kikaratasi chenye jina la upasuaji, tarehe, hospitali na simu ya daktari. Nakala moja aiweke mkobani na moja ibandikwe mlangoni mwa kabati la jikoni. Lau karatasi hiyo ingalikuwapo Kisauni, mama mkwe angalijua la kumjibu daktari usiku ule.

Safari ya kurudi na mwezi wa mwanzo

Hatari kubwa ya siku za mwanzo ni damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Kwa hivyo mgonjwa huamshwa atembee siku ile ile au ya pili yake. Anayerudi kwa treni kutoka Nairobi hadi Miritini hukaa kitako saa tano au zaidi. Na ainuke kila saa, atembee behewani, avae soksi za kubana alizopewa, na asiache sindano za damu kama ameandikiwa. Daktari ndiye atakayemruhusu kusafiri, wala si tarehe ya tiketi.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni maji. Lengo ni kama lita moja na nusu kwa siku, lakini kwa mafundo madogo madogo kutwa nzima, kwa kuwa tumbo halipokei glasi nzima. Chakula hupanda kwa daraja, na kila hospitali ina ratiba yake. Mara nyingi wiki mbili za mwanzo huwa za vinywaji: supu ya samaki au kuku iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta, mtindi mwepesi, uji laini usio na sukari. Wiki ya tatu na ya nne ni vilivyosagwa: samaki asiye na miiba, dengu, mbaazi zisizojazwa tui. Kisha hufuata vilaini, yai na samaki wa kuchemsha, na baada ya wiki sita hadi nane, chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo.

Protini hutangulizwa katika kila mlo, gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8, na gramu 100 za samaki aliyepikwa zaidi ya 20. Atafune sana, mlo wake uchukue nusu saa, na asinywe maji wakati wa kula wala nusu saa baadaye. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufunza tumbo tuligawe mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi. Dada huyu sasa hana budi kulishika funzo hilo kila siku. Halwa, soda na shurbati humletea wengi jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha.

Asibebe kitu kizito kwa wiki nne hadi sita. Hapa twasema na watu wa Likoni na Kisauni wanaonunua maji ya mkokoteni: mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mwenye majeraha ya tumbo hauinui, hata kama bomba limekauka na watoto wako shuleni. Nyumba ipange zamu kabla hajarudi.

Sala haimwondokei. Akishindwa kurukuu na kusujudu atasali ameketi kwa ishara. Akikatazwa kurowesha majeraha atapaka maji juu ya bandeji au atatayamamu, kwa maelekezo ya shekhe wake. Vitamini atazinywa maisha yake yote: B12, chuma, kalsiamu na D ni miongoni mwazo. Amwombe mfamasia zile za kutafuna au vidonge visivyo na jelatini ya shaka. Dawa za maumivu kama Brufen na diklofenaki asinunue dukani bila ya kumuuliza daktari wake, kwani huweza kulitoboa tumbo lililounganishwa upya. Na mwenye sukari apime mara nyingi. Kiwango chake huweza kushuka upesi sana, na dozi ya zamani ikawa sumu.

Zipo dalili ambazo hazingojewi: homa, moyo kwenda mbio usiotulia, maumivu makali ya tumbo au ya bega, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba, kinyesi cheusi, na kutapika kunakozuia hata maji. Kwa aliye ng'ambo ya Likoni, safari ya kuvuka ipangwe tangu mapema: gari la nani, hospitali gani, na nani atakayebaki na watoto. Likitokea usiku, aondoke usiku huo huo.

Mwaka wa mwanzo

Mwezi wa tatu hadi wa sita nywele hupukutika. Humwogofya kila mtu, na kwa wengi huota tena maadamu protini na vitamini hazikuachwa. Ngozi hulegea. Wengine huingiwa na huzuni wasiyoijua sababu, kwa kuwa chakula kilikuwa ndicho kiliwazo chao. Huyo asiambiwe hana shukrani. Arudishwe kwa mtaalamu.

Mume na mke wazungumze juu ya mimba. Uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba huongezeka ghafla, hata kwa aliyekaa miaka bila ya mtoto. Nao madaktari hutaka mimba ingoje miezi 12 hadi 18, mama na mtoto wasigombanie lishe ndogo iliyopo. Vidonge vya kumeza huenda visitegemewe baada ya upasuaji wa njia ya mkato, kwa hivyo njia nyingine ijadiliwe na daktari.

Ramadhani nayo inahitaji uamuzi mapema. Miezi ya mwanzo haiwezekani kujaza maji na protini za siku nzima kati ya magharibi na alfajiri, na wataalamu wengi hushauri kungoja miezi 6 hadi 12. Qur'ani katika sura ya Al-Baqara, aya za 184 na 185, imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Dada aliyeitumia ruhusa hiyo asitazamwe kwa jicho la pembeni.

Hapa ndipo ilipo sehemu yetu sisi tulio pembeni. Watu wa pwani twaonyesha mapenzi kwa sahani. Mgeni asipokula twaona ametudharau, na arusini twamwekea mtu mnofu juu ya mnofu huku twamlisha viapo. Kwa dada huyu, kijiko cha ziada ni maumivu. Tena akipungua twaanza: "Amekonda huyu, ana nini?" na kila mtu hutoa ugonjwa wake. Maneno hayo ni ghiba, nayo ndiyo yanayowafanya wanawake watibiwe kwa kujificha. Tukitaka siri hizi za hatari ziishe, na tuanze kwa kuzizuia ndimi zetu.

Idi iliyopita tulimtembelea mama yule wa Kisauni. Sinia la pilau lilikuwa katikati, watu wamelizunguka, naye ameketi pamoja nao. Mbele yake palikuwa na kibakuli kidogo cha samaki na mchicha, na mama mkwe ndiye aliyekileta, akakaa ubavuni mwake. Shangazi mmoja alipoanza kumkaribisha pilau kwa viapo, mama mkwe alimjibu kwa upole kuwa huyu chakula chake kimepimwa, mwache ale kwa raha yake. Mazungumzo yakaendelea.

Twamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie nyumba ambazo mtu huweza kusema ndani yake, "Mimi naumwa", akasikilizwa.

Wabillahi tawfiq.